Taa ya Dashibodi Haijui Kamera Inatazama Wapi

Mteja akishabadilishiwa kioo cha mbele, jambo la kwanza analotazama ni dashibodi. Akikuta hakuna taa ya njano, analipa na kuondoka. Nafanya kazi ya umeme wa magari hapa Tabora, na tangu Harrier Anaconda, Forester na X-Trail zenye kamera zilipoanza kufika huku, imani hiyo ndiyo ninayopambana nayo kuliko kitu kingine. Taa inaweza kuwa imezimika huku kamera ikitazama pembeni. Gari linajua waya umechomekwa, umeme unafika na picha inaonekana. Kama picha yenyewe imeinama kidogo kulia, au inatazama lami ya karibu badala ya ile ya mbali, halina pa kujulia mpaka mtu alipime.

Ukikaa kwenye kiti cha dereva na kuinua macho, nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma utaona kiboksi cheusi. Watu wengi walioagiza gari Japani hawajui hata kwamba kipo. Subaru wameweka macho mawili, kushoto na kulia. Mfumo wao wa EyeSight ulianza kwao mwaka 2008. Toyota walileta wa kwao, Safety Sense, mwaka 2015, na Harrier iliyofanyiwa maboresho mwaka 2017 huja na kamera kwenye kioo na rada nyuma ya nembo ya mbele. Kamera husoma mistari ya barabara, hutambua gari lililo mbele, na usiku huona taa za anayekuja ili ikushushie taa kubwa. Rada hupima umbali. Mfumo ukiona unakwenda kugonga hukupigia kelele, na usipojibu gari hukanyaga breki lenyewe.

Sasa, kamera haizaliwi ikijua mbele ni wapi. Inaambiwa. Kiwandani waliipima na kuiambia, "mstari wa katikati wa gari hili uko hapa, upeo wa macho uko hapa," na kila inachokiona inakilinganisha na hayo. Ukitoa kioo na kuweka kingine umeigusa kauli hiyo. Ikipinda digrii 1 tu, kitu kilicho mita 50 mbele itakihesabu kimesogea karibu sentimita 87, na kilicho mita 100 kimesogea mita 1 na sentimita 75. Hiyo ya pili ni nusu ya njia nzima ya barabara kuu. Na digrii 1 huioni kwa jicho, hata ukikodolea kiboksi hicho kutwa. Wajapani wenyewe wameliona jambo hili zito: tangu Aprili 2020 sheria yao inahesabu kazi ya kurekebisha kamera hizi, na hata kuvua kioo kilichozibeba, kuwa matengenezo yanayohitaji gereji yenye kibali chake. Magari ni yaleyale tunayoletewa huku, ila sharti hilo halikupanda nayo meli.

Gari lililonifundisha zaidi lilikuwa Harrier ya mama mmoja anayefanya biashara ya asali. Anaichukua Sikonge, anaileta mjini, nyingine anaipeleka Nzega. Lori lilimrushia jiwe, ufa ukatambaa toka kona hadi kona. Kioo alikiagiza Dar es Salaam kikaja kwa basi, akafungiwa na fundi wa mji mwingine.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hili gari linanipigia kelele barabarani kana kwamba nasinzia, na mimi sisinzii."

Nilimwuliza kelele zinakuja lini. Akanijibu vizuri kuliko madereva wengi: mjini kimya, kwenye matuta ya vijijini kimya, lakini akishika mwendo kwenye barabara iliyonyooka linalia, tena akiwa katikati kabisa ya njia yake. Akisogea kushoto kidogo linanyamaza. Maelezo hayo peke yake yalinitosha kushuku kamera. Onyo la kutoka kwenye njia katika Toyota hizi huamka kuanzia mwendo wa kilometa 50 kwa saa hivi, kwa hiyo aliyelijaribu gari kwa kuzunguka Isevya hadi stendi na kurudi asingesikia lolote, angesema kazi imekwisha. Dashibodi ilikuwa safi. Nikachomeka mashine ya kusoma gari: hakuna hitilafu hata moja iliyoandikwa.

Nilipovua mfuniko wa plastiki ndipo nikaona. Kioo alichouziwa ni cha Harrier kweli, ila cha Harrier isiyo na kamera. Hakikuwa na kile kishikio cha kamera ambacho kiwandani hubandikwa kwenye kioo chenyewe. Fundi alikibandua kishikio kwenye kioo kilichovunjika akakigandisha kwenye kipya kwa silikoni, kwa kukadiria. Kazi ilionekana nadhifu kwa nje. Kishikio kilikuwa kimelala upande, na silikoni hata ikishakauka hubaki laini kama mpira. Hata ningeilenga kamera, nisingekuwa na uhakika kwamba itabaki palepale.

Mama alitaka niipime hivyohivyo. Alikuwa ameshalipia kioo, usafiri na ufundi, na mimi nilikuwa natamka habari ya kioo kingine. Nilimweleza kwamba siwezi kupima kitu kisichotulia. Akaniuliza basi afanyeje, maana soko la asali halimsubiri. Katika Harrier hiyo kuna kitufe cha kuzima onyo la njia, na mfumo wa kuzuia kugonga huzimwa kwenye menyu, lakini huo wa pili hurudi wenyewe kila ukiwasha gari. Nisingependa dereva mwenye haraka zake awe ndiye wa kukumbuka. Kwa hiyo nilichomoa plagi ya kamera mbele ya macho yake. Taa ya njano ikawaka, na maandishi ya Kijapani yakajaa kwenye skrini. Nikamwambia: mama, taa hii inasema kweli. Inasema gari halitakusaidia kuona, endesha kama ulivyoendesha magari yako yote ya zamani. Breki za kawaida na ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukikanyaga breki kwa nguvu, ziko kama zilivyo. Ile iliyokuwa imezimika ndiyo iliyokuwa ikikudanganya.

Nimelitafakari jambo hilo mara nyingi tangu siku ile. Tumewazoesha wateja kwamba fundi hodari ni yule anayezima taa. Wapo wanaoizima kwa kukata waya, kwa kufuta hitilafu kwenye mashine, hata kwa kubandika karatasi nyeusi. Kwa taa ya mlango ulio wazi sina ugomvi. Kwa mfumo unaoweza kukanyaga breki za gari lililo kwenye mwendo wa 80 na basi nyuma yake, naona ni afadhali mteja anichukie nikimrudishia gari lenye taa inayowaka kuliko anishukuru.

Kioo sahihi kilipokuja, nilimpelekea mzee mmoja wa vioo hapa mjini ambaye mkono wake nauamini. Yeye hatumii silikoni hata kwa kioo cha pembeni. Gundi ya vioo vya magari ni ya yurethani, na hukauka kwa kunyonya unyevu wa hewani. Ndiyo maana hapa kwetu kati ya Juni na Oktoba, hewa inapokuwa kavu hadi midomo inapasuka, mzee huliacha gari lilale muda mrefu kuliko masika. Muda umeandikwa kwenye mrija, kwa joto na unyevu tofauti. Tena huacha kioo cha mlango kimeshuka kidogo, kwa sababu ukibamiza mlango gari likiwa limefungwa kote, hewa ya ndani husukuma kioo cha mbele kabla gundi haijashika. Kusogea kwa milimita chache kwa mtu wa vioo si kitu. Kwangu mimi ni kila kitu, na kwa abiria pia, maana mfuko wa hewa wa upande wa abiria ukifumuka katika magari mengi huegemea kioo hicho.

Kazi ya kupima kamera iko ya namna mbili. Kuna magari yanayotaka kupimwa yakiwa yamesimama, mbele ya bango lenye alama nyeusi na nyeupe. Kuna yanayotaka kuendeshwa barabarani huku mashine imechomekwa, mpaka kamera ijifunze yenyewe. Mengine yanataka yote mawili. Huchagui wewe, mtengenezaji ndiye anayesema, na mashine ikikuuliza umbali wa bango na urefu wake toka chini, inauliza kwa milimita.

Taabu ya Tabora ni sakafu. Gereji zetu nyingi ni udongo chini ya mwembe, na penye zege pana mteremko wa maji. Mimi sakafu yangu niliipata kwenye ghala la tumbaku. Msimu wa mauzo ukiisha na mitumba ya tumbaku ikishaondoka, ghala hubaki tupu, pana, zege lake limenyooka vizuri. Mlinzi ananifahamu, na viongozi wa ushirika walinikubalia kwa malipo kidogo. Usawa wa sakafu niliupima kwa mpira wa maji, uleule wa waashi: unashika ncha moja kwenye gurudumu la mbele, mwenzako nyingine la nyuma, maji yanakwambia. Pima maji ya kawaida ni fupi mno kwa urefu wa gari na nafasi ya bango.

Kabla ya bango lolote, gari lenyewe lazima liwe sawa. Madumu ya asali yalishushwa yote. Dumu la lita 20 la asali lina kilo kama 28, maana asali ni nzito kuliko maji, na madumu kadhaa nyuma hukandamiza springi hadi pua ya gari inatazama juu na kamera nayo. Upepo wa matairi niliujaza kwa kipimo kilichoandikwa kwenye nguzo ya mlango. Alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu, ilikuwa imefanywa siku iliyotangulia. Hapa mafundi wenzangu huniona nina makuu, lakini gari huelekea linakosukumwa na magurudumu ya nyuma. Usukani ukiwa umepinda kidogo na gari linakwenda kiubavu, utailenga kamera kwenye mstari ambao gari lenyewe haliufuati.

Kisha timazi, ule uzi wa waashi wenye uzito nchani. Niliushusha uzi toka katikati ya nembo ya mbele, nikatia alama ya chaki sakafuni. Nikaushusha toka katikati ya nyuma, nikatia nyingine. Uzi uliovutwa juu ya alama hizo mbili na kuendelea mbele ndio mstari wa katikati ya gari. Bango lazima lisimame likiukata mstari huo kwa pembe mraba, na pembe mraba tuliipata kwa tatu-nne-tano: mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na ukipima mshazari ukapata mita 5 kamili, pembe imenyooka. Kijana wangu alikuwa amejifunza hilo akimsaidia baba yake kupanga misingi ya nyumba. Kuna vifaa vya bei kubwa vinavyofanya haya kwa miale ya leza, na siku nikiweza nitavinunua. Ila uzi, timazi na tepu ya chuma havidanganyi ukivifanyia kazi kwa utulivu, na nimeona bango likikubaliwa na gari kwa vifaa hivyo.

Kilichotusumbua hasa ni mwanga. Tulifungua milango mikubwa ya ghala ili tuone, jua likaingia nyuma ya bango, na kamera ikawa haioni kitu ila weupe. Tukafunga, tukawasha taa mbili za pembeni zisizopiga moja kwa moja. Ukuta nyuma ya bango ulikuwa na namba nyeupe zilizopakwa kwa rangi, za kupangia mitumba. Tukazifunika kwa shuka jeusi. Kijana alikuwa amevaa kizibao chenye michirizi inayong'aa, nikamwomba akivue na atoke mbele ya gari kabisa. Betri niliiunga kwenye chaja inayotumia jenereta, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kazi hii unaanza upya, na kuna kamera zinazogoma kabisa. Baada ya yote hayo kazi yenyewe, ile ya kubonyeza, huisha haraka. Mashine ikaonyesha imekubali.

Mama akafurahi, akatoa funguo mkobani. Nikamwomba zisubiri.

Kwangu mimi neno la mashine ni nusu ya ushahidi. Tulitoka alfajiri kuelekea Urambo. Barabara hiyo inakwenda magharibi, kwa hiyo asubuhi jua linakuwa mgongoni na kamera inaona vizuri. Ukienda jioni unalipokea usoni. Nilitafuta kipande ambacho mistari yake ya rangi bado inasomeka. Hilo nalo huku ni la kutafuta, kwa sababu mahali pengi magari yanayoingia toka barabara za vumbi huburuta udongo hadi mstari wa pembeni unapotea, na kamera haiwezi kusoma kisichokuwepo. Penye makazi sheria ni 50, na trafiki wapo, hivyo sehemu ya kupima ni kati ya kijiji na kijiji. Barabara ikiwa tupu mbele na nyuma, niliusogelea mstari wa kushoto polepole hadi onyo likalia, kijana akitazama tairi liko umbali gani na mstari. Kisha wa kulia. Kama pande zote mbili linalia tairi likiwa karibu mahali palepale, kamera iko katikati. Kama upande mmoja linalia mapema na mwingine linachelewa, narudi ghalani, hata kama mashine imesema tayari. Harrier ya mama ililia sawa pande zote.

Wateja wengine huniomba tujaribu na breki: tuweke maboksi barabarani, tuone kama litasimama. Sijafanya na sitafanya. Nawaomba na wenzangu wasifanye, hasa wasimsimamishe mtu mbele ya gari kwa ajili ya video ya simu. Mfumo huu umetengenezwa kupunguza nguvu ya ajali, na haukuahidi kusimama kila mara. Boksi tupu linaweza lisionwe kabisa, na hilo lisikuambie lolote kuhusu kamera.

Yule mzee wa vioo nami tuna utaratibu sasa. Gari lenye kiboksi juu ya kioo likifika kwake, hunipigia kabla hajashika kisu. Naenda nalisoma, naandika hitilafu zilizokuwepo tangu awali, napiga picha ya kishikio na ya plagi, naichomoa kamera switchi ikiwa imezimwa na kuiweka ndani ya kitambaa safi. Lenzi haiguswi kwa kidole. Mteja naye anapewa karatasi inayosema kamera imepimwa lini na kwa namna gani, aikunje aiweke kwenye droo ya gari, ili fundi wa Kahama au Kigoma asianze kubahatisha.

Kwa anayeagiza kioo Ilala au Kariakoo: usiseme tu "Harrier ya 2017". Tuma namba ya chesisi, tuma na picha ya sehemu ya juu ya kioo chako cha sasa, na muuzaji akupigie picha ya anachokutumia kabla hakijapanda basi. Tazama kishikio, tazama ule uwazi usio na rangi nyeusi mbele ya kamera, tazama kama kuna nyuzi za kupasha joto. Kikishafungwa, usikubali mtu akubandikie utepe wa tinti juu yake wala stika ya usalama barabarani mbele ya kiboksi. Nimebandua stika za namna hiyo mara nyingi, zimewekwa palepale kwa sababu ndipo panapoonekana vizuri. Na wale wanaoinua Forester zao kwa spesa, vile vipande vya kuongeza kimo, ili zipite barabara za ndani wakati wa masika: urefu wa gari ukibadilika, kamera inatazama kwa mwinamo mwingine. Ukishaliinua, lirudishe tulipime tena, hata kama kioo ni kilekile.